Yuko Nyumbani, Lakini Anasoma

Kila majina ya waliopata nafasi za vyuo vikuu yanapotangazwa, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, huulizwa swali moja: mtoto wa fulani kapelekwa wapi? Ukijibu Maseno au Njoro, wazee hutikisa vichwa kwa heshima iliyochanganyika na pole. Huko ni mbali, kuna baridi, na nani atamjua? Ukijibu Tudor, unaambiwa, "Alhamdulillahi, yuko hapo hapo," na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki.

Mimi naona tunayahamisha mapema mno. Aliyekwenda Njoro tunamfungia sanduku, tunamsomea dua, na kila wiki tunampigia simu kumuuliza mtihani uko lini. Aliye Tudor hatumuulizi kitu. Tunamwona asubuhi na jioni, basi tunadhani tunajua anachofanya.

Mtoto wa dadangu anasomea kazi za maabara ya tiba pale Tudor, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hicho ambacho kila mtu hapa anakiita TUM, na analala nyumbani kwetu Kibokoni, ghorofa ya pili. Kwa upande wa safari hana makuu ya kulalamikia. Anakata vichochoro hadi Barabara ya Digo, anapanda matatu ya Tudor, anateremka. Mvua ikinyesha makanga wakapandisha nauli, huenda kwa miguu na kufika pindo la buibui limelowa. Wenzake ndio wenye taabu. Wa Likoni anaingoja feri, ambayo kwa mtembea kwa miguu ni bure lakini siku ikikwama haina huruma. Wa Kisauni na Bamburi anaganda kwenye msongamano wa Daraja la Nyali, wa Mikindani anaganda Makupa. Hao wakiwa na kipindi cha saa mbili asubuhi hutoka nyumbani kungali na giza. Mambo ya barabara, hata hivyo, yana watu wengi wa kuyapigia kelele. Linalonishughulisha mimi linaanza mtoto akishavuka kizingiti cha nyumba.

Anaingia saa kumi na moja jioni. Mkoba bado uko begani, sauti inatoka jikoni: "Ndoo unishikie mtoto kidogo, mwanangu." Anamshika. Mtoto akishalala, kuna wa kutumwa dukani kwa nazi, na wa kutumwa ni yeye, kwa sababu yuko. Baada ya magharibi nyanyake anataka kukandwa miguu, na nani mwenye moyo wa kumkatalia nyanya? Isha inasaliwa, chakula kinaliwa, vyombo vinaoshwa. Anapofungua maandishi yake ni saa nne, na hana meza. Chumba analala na wadogo zake wawili, na mlango wake ni pazia. Kwa hivyo hukaa kwenye ngazi, pale penye taa, magoti yakiwa meza, na kila apandaye au ateremkaye humwambia asogee.

Maandishi yenyewe yako kwenye simu. Wahadhiri siku hizi hutuma kila kitu kwa WhatsApp, na mtoto husoma kurasa nzima za damu na vimelea kwenye kioo kisichozidi kiganja cha mkono. Usiku mmoja nyanyake alisimama juu yake na kumuuliza, "Wasoma au wachezea simu?" Akajibu, "Nasoma, nyanya." Bibi hakuamini, na simlaumu. Mtu aliyeinama juu ya msahafu au kitabu chenye jalada anamjua, na hamsemeshi mpaka afunge. Mtu aliyeinamia simu, kwa macho ya nyumba hii, hana shughuli.

Halafu kuna maji. Anayeishi kisiwani hahitaji kuelezwa: mfereji unaweza kukauka siku kadhaa, kisha ukaanza kukoroma saa nane usiku. Lazima mtu aamke ajaze mapipa, la sivyo kesho ni kununua mitungi kwa mwenye mkokoteni. Kwetu aliyekuwa akiamka ni yeye. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Usingizi wake ulikuwa mwepesi, akaamka mara ya kwanza, na tangu hapo nyumba nzima ikalala kwa amani. Binamu yake, aliyemzidi mwaka mmoja na asiyesoma wala kuajiriwa kwa sasa, chumba chake kiko hatua chache kutoka mferejini. Naliandika hili gazetini nikijua atalisoma.

Msimu wa harusi ndio usiseme. Harusi zetu si jambo la siku moja. Mwanamwali ana siku zake, jamaa wana mikesha yao, na binti wa nyumba asiyeonekana kwenye kupamba ataulizwa kwa jina. Mwenzake wa Njoro hutuma salamu na kila mtu huelewa: yuko chuoni, ana mitihani. Wa Tudor ana mitihani ile ile, lakini hana udhuru. Anakwenda, anakaa mpaka usiku wa manane na hina mkononi, na asubuhi anaingia chumba cha mtihani.

Sisemi mtoto ahame. Nimeviona vyumba vinavyopangishwa karibu na chuo: watu watatu, godoro moja sakafuni, jiko la mafuta ya taa karibu na pazia, na kodi inayomeza pesa za mkopo wa HELB kabla mwezi haujafika nusu. Makomredi hao hao, wakisikia Ijumaa kwetu kuna biriani, hutokea wote na wakala kwa namna inayokuonyesha wiki yao ilikuwaje. Mtoto anayelala nyumbani hali mkate na chai chakula cha usiku. Akipata homa kuna mtu wa kumgusa paji la uso. Akikosa furaha kwa siku tatu, mtu ataona. Hayo si madogo, na mzazi anayemnyima mtoto hayo kwa sababu tu majirani wanaona chuo ni lazima uende na sanduku, mimi simuungi mkono.

Wapo barazani wanaomtaja Profesa Ali Mazrui kila mada hii inapozuka. Tazama, wanasema, alitoka Mombasa akaenda Uingereza na Marekani, akawa mtu. Ni kweli alitoka. Lakini wanairuka sehemu ninayoipenda zaidi. Pale Tudor, kabla hapajaitwa TUM, kabla ya kuitwa Politekniki, palikuwa na Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Ilijengwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Mazrui alikuwa hapo, si mwanafunzi bali karani, kijana wa mji ambaye matokeo yake ya shule hayakuwa ya kujisifia. Akatoa hotuba kwenye Maulidi, Gavana Philip Mitchell akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo. Oxford ilikuja baadaye sana. Maneno yaliyomvusha bahari aliyatamka akiwa bado mtoto wa hapa. Alipofariki mwaka 2014 huko Marekani, alirudishwa akazikwa makaburi ya jamaa zake, karibu na Fort Jesus.

Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyefikia kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisomesha katika mji huu huu. Darsa za misikitini ndivyo zilivyokuwa, na nyingine ndivyo zilivyo hadi leo: mtu anatoka kwao, anasoma baina ya magharibi na isha, anarudi kwao. Kwa hivyo kusoma ukilala kwenu si jambo geni Mombasa, wala si elimu ya daraja la pili. Lakini wakati wa darsa ulikuwa na mpaka unaojulikana na kila mtu. Hakuna mama aliyetuma mtu msikitini kumwita mwanawe aje anunue nazi. Mwanafunzi wa leo tumemwachia nyumba ileile na mpaka tumeuondoa.

Chuo nacho kina lake. Wasimamizi wakipanga kazi za makundi saa moja usiku, huwa wanamfikiria mkaa bweni. Binti wa Likoni au wa Mtwapa saa hiyo anahesabu matatu zilizobaki. Maktaba ikifungwa mapema anayeumia ni yule yule asiye na meza kwao. Wapo wanaokimbilia maktaba ya umma ya Barabara ya Msanifu Kombo, wakakuta nayo ina saa zake za kufunga.

Ila tusisingizie chuo yaliyo mikononi mwetu. Nilimuuliza yule binti wa dadangu akipewa kitu kimoja angetaka nini, nikidhani atasema kompyuta mpya. Akasema, "Khalati, nataka mlango." Mlango hatukuweza, kuta za nyumba hizi si za kupigwapigwa nyundo, na watu wa makumbusho wanaozilinda watataka kuulizwa. Tulichoweza ni kumtolea meza ya babu iliyokuwa imewekewa redio mbovu, tukaitia kwenye kile chumba cha darini cha mikeka, na nikamweleza nyanyake, mbele ya watu wote, kwamba kutoka saa mbili hadi saa nne usiku mtoto yuko chuoni. Bibi akauliza, "Na hiyo simu?" Nikamwambia ndicho kitabu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema basi miguu yake itakandwa baada ya alasiri.

Maji ya usiku sasa yanajazwa kwa zamu, na binamu yumo kwenye zamu. Wewe uliye na mtoto anayeanza Tudor Septemba, anza na hilo la maji kabla hujamnunulia mkoba.