Dola Hamsini za Neil Young

Wimbo wa Neil Young uitwao The Needle and the Damage Done una gitaa moja na sauti moja, basi. Dakika mbili tu, umekwisha. Ulirekodiwa jukwaani Los Angeles, Januari 1971, ukatoka mwaka uliofuata kwenye albamu ya Harvest. Mwishoni watu wanapiga makofi, na kabla hayajatulia wimbo mwingine umeshaingia. Makofi yale hunikera, ingawa waliopiga hawana kosa.

Maana aliyekuwa akililiwa kwenye wimbo huo alikuwa hai. Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, bendi iliyopiga na Young, alikuwa amezama kwenye heroini. Kipaji alikuwa nacho: I Don't Want to Talk About It, ambao wengi tunaujua kwa sauti ya Rod Stewart, aliutunga yeye. Novemba 1972 Young alimwita mazoezini, labda kazi itamrudisha. Whitten akashindwa kuzifuata nyimbo. Akapewa tiketi ya ndege na dola 50, arudi Los Angeles. Usiku huohuo akafa, akiwa na miaka 29.

Hizo dola 50 ndizo zinazonikaa kichwani kuliko wimbo wenyewe. Aliyewahi kuishi na teja nyumba moja anazijua. Ukimpa nauli, unajua inakokwenda. Ukimnyima, unajua atakakoitafuta. Young mwenyewe alikiri baadaye kwamba alijiona anahusika na kifo kile.

Na wala hakumwonya mtu kwa kidole. Sisi kila Juni 26, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, tunavaa fulana, mgeni rasmi anawaambia vijana waache unga, tunakunywa soda tunatawanyika. Tukiamini kwamba tatizo la teja ni kutoambiwa! Harvest iliongoza kwa mauzo Marekani mwaka 1972, kwa hiyo ujumbe ulisikika. Mwaka uliofuata heroini ikamuua Bruce Berry, kijana aliyebeba na kufunga vyombo vya Young na wenzake.

Ndiyo maana mimi naipa heshima zaidi kazi isiyo na mdundo. Tangu 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inatoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini: mtu anafika dirishani, anakabidhiwa kikombe kidogo cha dawa ya maji, anainywa mbele ya muuguzi, anaondoka. Ni ya kila siku. Na wapo wanaoikosa kwa sababu tu hawana nauli ya daladala, na nyumbani hakuna tena anayethubutu kuwapa.