Jukwaa la fundi ni Maun tunayowanyima majirani



 

Ndugu zetu waliojaaliwa kwenda Hija wameliona lile jiwe linaloitwa Maqamu Ibrahim, karibu na Al-Kaaba. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) alipokuwa akiijenga Nyumba ile, mwanawe Ismail (a.s.) ndiye aliyekuwa akimletea mawe. Kuta zilipopanda hata mkono ukawa haufiki, Ismail alimletea baba yake jiwe, akasimama juu yake akaendelea kujenga. Kwa lugha ya mafundi wetu, jiwe lile lilikuwa jukwaa, na aliyelileta alikuwa saidia fundi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 125, Waislamu wameamrishwa wapafanye hapo pahala pa kuswalia.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua wapo watakaouliza ukurasa wa dini unatafuta nini kwenye majukwaa ya mafundi. Kitu anachosimamia mjenzi kimetajwa katika Qur'an. Sisi ndio tuliokidharau.

Hebu tuangalie hali ilivyo hapa kwetu Pwani. Mtu wa Kibaha au Kisarawe hajengi nyumba mara moja. Anapandisha kuta, anaezeka, anahamia. Ndani kunapigwa plasta, nje kunabaki tofali tupu miaka mitano, kumi. Siku akijaaliwa fedha kidogo anataka kupiga plasta nje, kubadilisha mbao za paa zilizoliwa na mchwa, au kuziba ufa uliofika juu ya linta. Mfuko wa saruji anajua bei yake, mchanga anajua, fundi wamepatana. Ndipo fundi anamuuliza, "Na jukwaa je?"

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mirunda. Unanunua miti, mbao za kukanyagia, misumari na kamba, fundi anafunga mwenyewe. Wengi wanaiona rahisi, lakini kazi ikiisha ile miti inakuwa kuni, na mwakani ukitaka kupaka rangi unanunua mingine. Baya zaidi, mtu anaitunza nyuma ya nyumba, inanyeshewa masika yote, kisha anaitoa tena ikiwa imeoza kwa ndani. Kwa macho ni mti mzima. Kisarawe ni mji wa vilima, nyumba nyingi upande mmoja ziko chini na upande mwingine ukuta unaning'inia juu ya mteremko. Mrunda uliosimikwa kwenye udongo ule baada ya mvua unazama taratibu huku fundi yuko juu na karai la udongo.

Njia ya pili ni kukodi fremu za chuma. Hizi ndizo salama zaidi zikifungwa sawasawa, lakini hapo ndipo penye usumbufu. Bei huhesabiwa kwa fremu kwa siku. Tuchukulie kwa mfano tu shilingi 1,000 kwa fremu moja. Fremu 20 ni shilingi 20,000 kwa siku. Kazi ya siku nne ni 80,000, hilo linabebeka. Lakini fundi akaenda msibani siku mbili, mvua ikazuia siku tatu, saruji ikaisha ukasubiri mshahara, siku nne zimekuwa 14 na deni ni 280,000. Bado kuna amana inayowekwa mkononi mwa mwenye fremu, na bado kuna usafiri wa kwenda na kurudi. Yadi nyingi zimefuata barabara kubwa. Aliye Maili Moja au Kwa Mathias anaweza kuita kirikuu akamaliza. Aliye Kisarawe akikodi Kibaha, gari ishuke barabara ya Morogoro, iingie jijini, itokee Gongo la Mboto na Pugu, ndipo ipande kilimani. Usafiri unakaribia kodi yenyewe.

Mimi niliwahi kusimamia ukarabati wa nyumba ya urithi Kisarawe, na fremu tulizikodi Kibaha kwa sababu ndizo zilizopatikana wiki ile. Zilipofika tukakuta pini hazitoshi. Mwenye mali akasema pini zitafuata. Zilifuata siku ya tatu, na siku zote tatu zikahesabiwa. Siku ya kurudisha, amana ikakatwa kwa madai kwamba fremu mbili zimepata kutu. Zilikuja na kutu, kila aliyekuwapo aliiona, lakini hakuna karatasi iliyoandikwa. Mzee mmoja wa msikiti tuliokuwa tunaswali pale akatuambia maneno machache tu: "Mmekodi kama watu wasiosoma aya ya deni."

Aya aliyoikusudia ni ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Aya hiyo haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandika makubaliano ya muda na kuweka mashahidi, tena inakataza kuona uvivu wa kuandika jambo, dogo au kubwa. Sasa tujiulize, ni wangapi kati yetu tunaokodi kitu tukaandika idadi ya pini?

Masheikh wetu wameieleza kodi, yaani ijara, kwa undani, na tukiwasikiliza tutaona kwamba pande zote mbili zina la kujibu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wa Pwani hii tunayafuata, kodi inamlazimu aliyekodi pindi manufaa ya kitu yanapokuwa mikononi mwake, atumie asitumie. Kwa hiyo mwenye fremu akihesabu siku za mvua, na ndivyo mlivyopatana, hajakudhulumu. Ungeweza kuzirudisha. Lakini fremu zisizo na pini hazisimami, na kisichosimama hakijakupa manufaa uliyoyalipia. Kudai kodi ya siku hizo ni kula mali ya mtu kwa batili.

Vilevile, aliyekodi anahesabiwa kuwa ameshika amana. Kitu kikichakaa kwa matumizi ya kawaida hatozwi. Hutozwa akizembea au akivuka mipaka. Fremu kupata kutu au tope la saruji ndiyo kazi yake. Kuitupa toka juu ya ukuta ikapinda, au kuacha pini zifukiwe kwenye kifusi, huo ni uzembe na unalipwa. Na lipo jambo ambalo wenye nyumba hawalijui: mafundi wengine usiku huzihamishia fremu kwenye kazi nyingine mtaa wa pili, wakapata chochote, asubuhi zikarudi. Huyo amechezea amana ya watu wawili kwa mpigo, na bado Ijumaa utamkuta safu ya mbele.

Haya ya fedha yana mwisho wake, hata kama ni mahakamani. Yasiyorudi ni ya uhai. Jukwaa likiwa ghali na lenye usumbufu, mwenye nyumba anasema, "Fundi, fanya utakavyofanya." Fundi ana watoto, hawezi kuiacha kazi. Anapanga mapipa mawili, anaweka ubao juu yake, anapanda. Au anapiga misumari kwenye mbao kuukuu na kusema Bismillahi. Bismillahi ni lazima yetu sote, lakini haikuwekwa ibebe ubao uliooza.

Abu Daud amepokea Hadithi ambayo Mtume (s.a.w.) anaonya kuhusu mtu anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi, kwamba mtu huyo ameondokewa na dhima ya ulinzi. Fikirini, hapo ni mtu aliyelala nyumbani kwake. Itakuwaje kwa yule tuliyempandisha sisi, macho yake yako kwenye ukuta, mikono yote miwili ina kazi, na nyuma yake hakuna hata mti wa kumzuia? Kisha akianguka tunasema ni ajali ya Mungu. Kadari tunaiamini, lakini katika Suratul Baqara hiyo hiyo, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi, seuze kumtia mwenzio ili wewe upunguze gharama.

Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Taifa zima lilisimama, na ilistahili. Fundi anayeanguka toka ukuta wa futi 12 Mlandizi au Maneromango hasimamishi hata mtaa. Anapelekwa hospitali kwa bodaboda, na mgongo wake ndiyo basi. Nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Lakini fundi tuliyemchukua kijiweni kwa kazi ya siku tatu hayumo kwenye orodha ya mwajiri yeyote anayemchangia. Mwajiri wake ni wewe na mimi, na dawa zake kwa kawaida ni mchango wa msikitini baada ya swala, sarafu na noti kwenye kofia.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda. Katika Suratul Maun, Allah (s.w.) amewaahidi adhabu wanaoswali huku wakipuuza swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia maun. Wafasiri, wakipokea kutoka kwa Masahaba, wameeleza kuwa miongoni mwa maana za maun ni vyombo ambavyo majirani huazimana: chungu, ndoo, shoka na mfano wake. Kwa wakati wetu mimi naona jukwaa limo. Ni chombo ambacho hakuna mwenye nyumba anayekihitaji kila siku, wala hakuna anayeweza kukinunua kwa kazi ya siku nne, na kila mmoja atakihitaji siku moja.

Na wenye vyombo hivi tunawajua. Ni misikiti yetu. Nimeingia katika misikiti kadhaa ya Kibaha na Kisarawe iliyojengwa kwa michango ya miaka mingi. Nyuma, karibu na choo, zimelazwa fremu zilizonunuliwa wakati wa kujenga mnara. Majani yameota katikati yake. Mnara umekwisha, fremu zinasubiri muuza chuma chakavu. Na pembeni ya ukuta wa msikiti huo huo kuna mjane ambaye ukuta wake una ufa. Tunaisoma Suratul Kahf kila Ijumaa, tunapita kwenye aya ya 77 ambapo ukuta wa mayatima ulisimamishwa bila ujira, kisha tunatoka nje, tunavaa viatu, tunapita mbele ya ule wa jirani.

Hapa niwe muangalifu. Fremu zilizonunuliwa kwa michango ya ujenzi wa msikiti ni mali ya msikiti, wala kamati haina ruhusa ya kuzigawa kama njugu. Hizo zikodishwe kwa bei ya haki, mapato yaingie msikitini, na masheikh waulizwe mipaka yake. Ninachokipendekeza ni wakfu mpya, wenye nia yake tangu mwanzo: fremu za kuazima kwa wasio na uwezo na kukodi kwa wenye uwezo. Asidhani mtu kwamba wakfu ni shamba na nyumba tu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Khalid bin Walid (r.a.) aliziweka deraya na zana zake kwa ajili ya Allah, na wanazuoni wengi wameichukua kuwa dalili ya kuweka wakfu vitu vinavyohamishika ambavyo vinatumika na vikabaki.

Anayeazima bila kulipa naye ajue hukumu yake. Mtume (s.a.w.) alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya wakati wa Hunayn, Safwan aliuliza kama ananyang'anywa, akajibiwa kwamba ni azima yenye dhamana. Hivyo cha kuazima kikipotea kinalipwa, hata kama aliyekiazima ni mjane na alimwachia fundi. Ni vizuri akaambiwa mapema kuliko kuja kuonana kwa baraza la kata.

Haihitaji jumuiya mpya, wala mgeni rasmi. Watu 20 wa safu moja wanaoswali pamoja alfajiri wanaweza kuanza na fremu za kutosha ukuta mmoja wa nyumba ya chini, na jeki za miguu kwa ajili ya miteremko ya Kisarawe, na mbao za kukanyagia zisizo na mafundo. Mbao za kuzuia nyuma ziwe sehemu ya seti, asiyezitaka asipewe na fremu. Daftari akae nalo katibu, ufunguo mtu mwingine. Kila seti inapotoka aandikwe aliyeichukua, tarehe, na hali ya kila fremu pamoja na kutu yake. Usafiri ni juu ya mwenye kazi. Pini zihesabiwe kwa sauti, mbele ya watu wawili, kabla kirikuu haijawasha.