Je, Mama Anayefuma Anapoteza Wakati?



Hapa Nyarugusu mama mmoja wa kanisa letu hufuma vitambaa vya maua jioni, watoto wakiisha kula. Ni vitambaa vya meza, na meza yenyewe hana. Wenzake humsema bombani: "Unga wa mgao haufiki mwisho wa mwezi, naye anachezea nyuzi!"

Nilipomtembelea aliniambia: "Mchungaji, kutwa nzima napanga foleni, napokea. Ni saa hii moja tu watoto wangu wananiona nikitoa kitu mikononi mwangu."

Neno hilo lilinichoma, kwa maana hata mimi niliwasikia wakimsema, nikanyamaza.

Tujiulize, ndugu. Baba akipiga gitaa la kwaya jioni nzima, twasema ana kipawa. Mama akishika sindano saa moja, twamwita mvivu. Kosa lake ni nini?

Tusome Kutoka 35:25-26. Waisraeli walikuwa jangwani, wakikaa hemani na kula mana. Hata hivyo, wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi za rangi kwa ajili ya hema ya Bwana. Mungu hakuwaambia wangoje mpaka wafike Kanaani.

Ni kweli, mtoto asilale njaa kwa sababu ya uzi. Lakini pia asikue akidhani kwamba mama yake alizaliwa kupanga foleni tu.

Akina baba, leo jioni chukueni dumu, mwende bombani. Mwacheni mama amalize ua lake.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji