Turudi shamba, lakini mirathi igawanywe kwanza

Siku hizi kila baraza la Dar es Salaam lina mtu anayesema amechoka na mji. Mimi ni mmoja wao. Nimeishi Tabata miaka mingi, nimelipa kodi ya pango, nimenunua maji kwa ndoo, nimekaa kwenye foleni asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi. Sasa nia yangu ni kuhamia Mkuranga, kwenye shamba aliloacha marehemu baba, nijenge nyumba ya familia, nifuge kuku na mbuzi, na watoto wangu wajue kuwa muhogo hutoka ardhini, si gengeni.

Jambo hili ni jema. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka kurudi shamba. Suala langu ni jingine: tunaposema "shamba la baba", hilo shamba ni la nani hasa?

Baba akishafariki hana shamba. Yakishalipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake, kilichobaki ni mali ya warithi, na aliyegawa ni Allah (s.w.) mwenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 7, imeweka wazi kuwa wanawake nao wana fungu lao, mali iwe kidogo au nyingi. Aya ya 11 na ya 12 zikataja mafungu yenyewe. Chukua mfano wa kwetu. Shamba ni eka 8. Babu na bibi walishatangulia. Waliobaki ni mama yetu, sisi wanaume wawili na dada zetu watatu. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumni, yaani eka 1. Katika 7 zilizobaki, mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke: eka 2 kwa kila mmoja wetu, eka 1 kwa kila dada. Mtoto wa madrasa anaiweza hesabu hiyo.

Lakini nenda vijijini kwetu uulize ni mashamba mangapi yamegawanywa hivyo. Utaambiwa shamba la ukoo haligawanywi, au utaonyeshwa minazi: hii ya fulani, ile ya fulani, ardhi ya wote. (Huku Pwani mnazi ni wa aliyeupanda hata kama ardhi si yake, na hapo huanza kesi nyingine.) Zamani, eka hizo zilipokuwa za muhogo na mikorosho tu, utaratibu huo haukuumiza sana. Dada alikuja, akapewa nazi zake kwenye kiroba, akaondoka. Leo Barabara ya Kilwa ina lami, viwanda vimejengwa Mkuranga, na eka ina bei. Kaka akija kutoka mjini na tofali zake za saruji, akaweka msingi kando ya barabara, amekwisha kugawa mirathi peke yake. Nani atamwambia abomoe?

Wapo watakaosema: "Dada zetu wameridhia, wao wako kwa waume zao." Hapa naomba msomaji tutulie. Waliridhia lini? Mara nyingi ni siku ya kumaliza matanga, mbele ya ami na wazee, dada anaulizwa kama ana neno. Atasema nini? Akidai eka yake ataitwa mroho, ataambiwa anavunja ukoo, na ndoa ikimshinda kesho atarudi kwa nani kama si kwa kaka huyu huyu? Anajibu, "Mimi sina neno, fanyeni mtakavyo." Kwangu mimi hiyo si ridhaa, ni haya. Na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mali ya Muislamu haiwi halali kwa mwenzake ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Akaonya pia kuwa mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shibiri, siyo eka!

Sisemi kwamba dada hawezi kusamehe. Anaweza, na thawabu ni zake. Lakini atasameheje asichokabidhiwa? Apimiwe eka yake, aikanyage, iandikwe kwa jina lake. Baada ya mwezi au mwaka akimpa kaka yake, akimuuzia au akimkodisha, hiyo ni hiari. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Inashangaza kwamba mtu hukimbilia mila pale tu Qur'an na sheria ya nchi zinapomtaka atoe.

Ipo hoja yenye uzito kidogo, kwamba shamba likikatwa vipande halilimiki vizuri. Ni kweli. Basi warithi walime pamoja baada ya kila mmoja kujua chake, na wagawane mavuno kwa mafungu hayo hayo.

Sisi tumekubaliana kupima baada ya Iddi, mbele ya imamu na mwenyekiti wa kijiji. Kisima kiko upande wa barabara, na dada mkubwa amesema, bila kuulizwa na mzee yeyote, kwamba eka yake anaitaka huko. Ramani ya nyumba yangu nimeshaichora upya. Itakaa nyuma, kwenye mikorosho.