Deni la Mpanda Farasi

Mtu asiyehesabiwa na dola ana wajibu gani wa kuipigania? Si fumbo la maneno. Katiba ya Australia ya mwaka 1901 iliagiza bayana kwamba wenyeji wa asili wasitiwe katika hesabu ya watu wa nchi, na hata hivyo miongoni mwa wenyeji hao walitoka wapanda farasi wa vita vya 1914 hadi 1918.

Frank Fisher wa Queensland alijiandikisha mwaka 1917 katika Kikosi cha 11 cha Askari wa Farasi. Kabla ya hapo sheria ya ulinzi, kama ilivyorekebishwa mwaka 1909, iliwakataa wasiokuwa na nasaba ya Ulaya. Lakini vita vilikula watu, na raia walikwisha kukataa kwa kura, mwaka 1916, kulazimishwa kwenda kupigana ng'ambo. Mei 1917 amri ikalegezwa: mwenye mzazi mmoja wa Kizungu apokewe. Nasaba iliyokuwa aibu asubuhi ikawa kibali jioni.

Wapo wawaitao askari hawa wahadaiwa. Hukumu hiyo ina kiburi cha mtu aliyeketi kivulini. Huko kwao, chini ya sheria ya 1897, mlinzi aliyewekwa na serikali ndiye aliyeamua mwenyeji akae wapi, amwoe nani, na ujira wake autumieje. Jeshini alilipwa shilingi 6 kwa siku, sawasawa na mwenziwe mweupe, akala naye chungu kimoja huko Misri na Palestina. Uhuru wa kupokea amri ile ile wapokeayo wengine ni uhuru mdogo, naam, ila aliyewahi kuukosa ndiye ajuaye uzito wake.

Fisher alirejea Barambah, makazi ya wenyeji, chini ya sheria ile ile. Askari waliorudi waligawiwa ardhi. Wenyeji walioipata walikuwa wachache mno, na ardhi yenyewe ilikuwa ya mababu zao.

Watetezi wao husema: walimwaga damu, basi walistahili haki. Kauli njema, lakini ina mtego, kwani huifanya haki kuwa ujira, na asiyefanya kazi hana ujira. Wazee, wanawake na watoto wa Barambah hawakupanda farasi wa mfalme. Nao pia walistahili kuhesabiwa, na kifungu kile cha katiba hakikufutwa hadi mwaka 1967.