Mboga Penye Upendo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 1:29–31, 2:16, 17, 9:3, Mit. 15:17, Dan. 1:8–16, Yn. 21:9–13, Rum. 14:1–4, 17.

Fungu la Kukariri: Mithali 15:17.

Katika kanisa moja karibu na Ziwa Victoria, washiriki walikubaliana kwamba chakula cha pamoja cha Sabato kisiwe na nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sabato moja kijana aliyebatizwa karibuni alikuja na mama yake, ambaye hakuwa amewahi kuingia katika kanisa hilo. Mama hakuja mikono mitupu. Alibeba sufuria ya dagaa waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu. Dada aliyekuwa akipanga meza akafunua, akasema mbele ya watu, "Hapa hatuli vitu hivi," akaisogeza sufuria chini ya benchi. Mama alikula kidogo, akashukuru, akarudi nyumbani na sufuria yake imejaa. Sabato iliyofuata kijana alikuja peke yake.

Mithali 15:17 inataja meza mbili: ya mboga penye upendo, na ya ng'ombe aliyenona penye chuki. Siku ile kanisa liliandaa meza ya tatu, ambayo mwenye hekima hakuitaja kabisa: mboga bila upendo.

JUMAPILI: Chakula Kilichotolewa Kama Zawadi

Soma Mwanzo 1:29–31. Mungu alimpaje mwanadamu chakula chake cha kwanza?

Fungu linaanza na kutoa. Mungu anaonyesha mimea yenye mbegu na miti yenye matunda, na kusema kwamba amewapa. Hata katazo linapokuja katika Mwanzo 2:17, linatanguliwa na ruhusa pana ya fungu la 16: miti yote ya bustani, isipokuwa mmoja. Nyama inaruhusiwa baadaye, baada ya gharika (Mwa. 9:3).

Kwa hiyo anayemkaribisha jirani kwenye chakula cha mimea anamrudisha kwenye zawadi ya kwanza. Anayeanza na orodha ya makatazo ameanzia mahali ambapo Mungu hakuanzia.

JUMATATU: Siku Kumi za Danieli

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikuwa na msimamo. Je, aliueleza kwa namna gani?

Danieli aliazimu moyoni mwake, kisha akaomba. Mkuu wa matowashi aliogopa kupoteza kichwa chake, na Danieli hakuidharau hofu hiyo. Alimwendea msimamizi na jambo dogo linaloweza kupimwa: siku kumi za vyakula vya mimea na maji, kisha msimamizi mwenyewe atazame nyuso na kuamua. Alikuwa mgumu kwa nafsi yake na mpole kwa wengine. Tena, Biblia haisemi popote kwamba aliwakemea vijana waliokula chakula cha mfalme.

JUMANNE: Samaki Juu ya Makaa

Soma Yohana 21:9–13 na Warumi 14:1–4, 17.

Yesu aliyefufuka aliwapikia wanafunzi waliochoka samaki na mkate. Fungu hili halifuti mpango wa Edeni, lakini linazuia kosa moja: kuifanya sahani ya mtu kuwa kipimo cha wokovu wake. Huko Rumi wengine walikula mboga tu, wengine walikula vyote. Paulo alikuwa akishughulikia dhamiri zao, si lishe, lakini agizo lake linafaa kwa kila meza: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa maana Mungu amempokea. Ufalme wa Mungu ni haki, amani na furaha katika Roho Mtakatifu.

Je, mgeni angeziona amani na furaha katika meza ya kanisa lako?

JUMATANO: Miaka Zaidi ya Thelathini

Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa nuru juu ya matengenezo ya afya. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amezoea sana nyama, na mkate wa unga usiokobolewa ulimshinda mpaka njaa ilipomfundisha kuupenda. Hata baadaye nyama ilionekana mezani pake mara kwa mara. Aliiondoa kabisa tangu mkutano wa makambi wa Brighton, karibu na Melbourne, Australia, Januari 1894.

Ikiwa mjumbe mwenyewe alikwenda hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka thelathini, mama wa kijana yule angewezaje kudaiwa yote katika Sabato moja? Ellen White alishauri pia kwamba maskini wasishurutishwe kuacha maziwa na mayai mahali ambapo hawajapata vyakula vya kuchukua nafasi yake.

ALHAMISI: Jiko Linalohubiri

Mwaka 1866 Waadventista walifungua taasisi ya afya huko Battle Creek, Michigan. Baadaye chini ya Dkt. John Harvey Kellogg palikuwa na tatizo: chakula kilikuwa chema kwa mwili, lakini kwa wagonjwa wengi hakikuwa na ladha. Mke wake, Ella Eaton Kellogg, alilijibu tatizo hilo kwa mwiko. Alianzisha jiko la majaribio, akafundisha mapishi, na mwaka 1892 akachapisha kitabu kikubwa cha upishi.

Afrika Mashariki kazi hii ni nyepesi zaidi. Makande, mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, kunde, matembele na viazi vitamu ni vyakula vya bibi zetu. Mgeni akipakuliwa chakula cha bibi yake hajioni mgeni.

Furaha hiyo iambatane na busara. Mimea peke yake haitoi vitamini B12 ya kutegemewa. Anayeacha vyakula vyote vya wanyama aipate katika vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au katika vidonge, kwa ushauri wa mtaalamu wa afya. Hasa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Katikati ya juma, mama mmoja mzee wa kanisa lile alikwenda nyumbani kwa mama wa kijana. Hakubeba kijitabu, alibeba bakuli la makande. Baada ya kula akaomba afundishwe namna ya kukaanga nyanya na vitunguu vikanukia vile. Wakapika kunde kwa rojo lile lile, na Sabato kunde hizo zikawekwa katikati ya meza ya kanisa. Nyumbani mama yule bado anakula dagaa, lakini kanisani sasa ana kiti chake. Siku aliyorudi, aliyempakulia ni yule dada aliyeisogeza sufuria.

Maswali ya Kujadili:

1. Dada yule angeweza kusema nini alipoifunua sufuria, bila kuvunja makubaliano ya kanisa?

2. Ni nani aliyeacha kuja kula pamoja nanyi? Nani atakwenda kwake juma hili, na atabeba nini?

3. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anaweza kuliponyaje kanisa?