UTAJUAJE KUWA NI MUNGU ANAYESEMA?

Kijana mwenzangu, Bwana Yesu asifiwe! Hata kama hujui namna ya kuitikia salamu hiyo, usijali, karatasi hii ni ya kwako. Labda umepewa stendi, labda ulikuwa unapita zako Majengo sokoni, au ulisimama pembeni ya mkutano kusikiliza vyombo tu. Kanisani huendi wala hujaahidi kwenda. Sawa. Mimi nakuomba dakika kumi. Ukishasoma, ukitaka, ifungie karanga.

Swali lenyewe ni hili. Kila siku unasikia watu wakisema, "Mungu amesema nami." Huyu kaambiwa amwoe fulani. Yule kaambiwa aache kazi. Mwingine kaambiwa awaambie watu walete sadaka. Na wewe ukiwa kijiweni na wenzako unacheka: "Mbona mimi hajawahi kuniambia kitu? Na hawa wanajuaje kuwa ni Mungu, si njaa?"

Swali lako ni la haki. Mimi ni mhubiri, lakini sitakuambia unamkufuru Mungu kwa kuuliza. Nitakujibu bila kukuzungusha.

SAUTI ZIMEUA WATU

Kwanza nikubaliane na wewe: jambo hili si la mchezo. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu walikufa, wengi wao wakiteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Viongozi wao walikuwa wakidai kupata maono na ujumbe kutoka mbinguni, na walishawatangazia kwamba dunia ingefika mwisho mwaka ule wa 1999 ukiisha. Watu waliuza mali zao. Walitii.

Ukasema hayo ni ya zamani? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwamo watoto wadogo. Wachunguzi walieleza kuwa waumini walikuwa wameambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao alifikishwa mahakamani akakana mashtaka. Lakini makaburi yapo.

Na hapa kwetu Tanzania, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana, wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako.

Sikuandikii haya ili uwadharau wale. Wengi wao walikuwa na kiu ya Mungu kuliko mimi na wewe. Kiu si kosa. Kosa ni kunywa bila kuuliza maji yametoka wapi.

KWA NINI KITABU?

Hebu fikiri na mimi. Tuseme Mungu anasema na watu kwa njia moja tu, ndani ya moyo wa mtu mmoja mmoja, kimya kimya. Mtu akisimama akasema "nimeambiwa", wewe utampima kwa nini? Huwezi kuingia moyoni mwake. Unabaki na mawili: umkubali kipofu, au umkatae kipofu. Na mara nyingi atakayekubaliwa ni mwenye sauti kubwa, mwenye suti nzuri, mwenye kipaza sauti. Mnyonge hana lake.

Sasa Mungu alifanya nini? Aliweka neno lake katika MAANDIKO. Kitabu ambacho bibi kizee wa Bahi anaweza kukifungua ukurasa ule ule anaoufungua askofu. Mhubiri akisema jambo jukwaani, yule bibi anaweza kurudi nyumbani, akafunua, akasema: "Hapana, mchungaji, hapa haijaandikwa hivyo." Umeona? Mimi nilikuwa nafikiri kitabu ni njia ya Mungu kukaa mbali nasi. Kumbe ni njia ya kumlinda mdogo asionewe na mkubwa.

Soma 2 Wafalme 22. Mfalme Yosia alisomewa kitabu kilichopatikana hekaluni, akararua mavazi yake. Mfalme mzima, mwenye jeshi, anatetemeka mbele ya maandishi! Kisha soma Matendo 17:11. Mtume Paulo alipohubiri Beroya, watu wale walikwenda kila siku kuyachunguza maandiko waone kama anayosema ndiyo. Walimkagua mtume, na Biblia haikuwakemea. Iliwasifu.

Na kitabu hicho kimekufikia kwa jasho la watu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka ule ule, ambao alimzika mkewe huko, akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka mia moja ikapita, watu wakitafsiri na kusahihisha, mpaka mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Kiswahili ya Union, ambayo hata leo unaikuta katika nyumba nyingi. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Chigogo nacho kina Biblia yake. Kwa hiyo usiniambie Mungu anasema Kizungu tu. Anasema lugha ya mama yako.

LAKINI SI HATA WALE WALIKUWA NA BIBLIA?

Najua utaniuliza hivyo. Ni kweli, walikuwa nayo. Hata Shetani anayajua maandiko. Soma Mathayo 4. Alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, tena akamtolea andiko la zaburi kuthibitisha! Yesu alimjibuje? Hakusema maandiko ni uongo. Alimrudishia andiko lingine. Yaani neno moja lililokatwa likapimwa kwa neno zima.

Hapo ndipo penye siri. Mdanganyifu anakupa kipande. Anachukua mstari kama mtu anayekata kipande cha kitenge ili akuoneshe ua moja tu. Ukitaka kujua kitenge, kikunjue chote. Kitabu kinachosema mtu afunge, kinasema pia kuwa mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula (Isaya 58). Angekuwepo mtu Shakahola wa kuufunua ukurasa huo na kusikilizwa, nani ajuaye?

Tena angalia jambo la pili, lipo katika 1 Samweli 3. Samweli akiwa mtoto aliitwa na Mungu mara tatu, na mara zote tatu akamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye anayemwita. Hata yeye hakuijua sauti mwanzoni! Eli ndiye aliyemfundisha namna ya kuitikia. Na ujumbe ulipokuja, ulikuwa unamhusu nani? Eli mwenyewe na wanawe waovu. Asubuhi Eli akamwambia kijana asifiche hata neno. Akasikia hukumu yake, akaikubali.

Mtumishi wa kweli ni huyo. Anakufundisha kusikia, hata kama utakachosikia kitamshitaki yeye. Ukimwona mtu anayedai sauti ya Mungu, lakini sauti hiyo haimkosoi yeye hata siku moja, wala haruhusu mtu kuuliza, KIMBIA.

USHUHUDA WANGU

Sasa nikuambie ya kwangu. Nilitoka kijijini nikiwa kijana kama wewe, nikapata kibarua kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la nafaka hapa mjini. Mzee aliniamini. Mimi nilibonda kitako cha debe kiingie ndani kidogo. Ukilitazama huoni kitu, lakini linapokea pungufu. Kununua kwa wakulima, lumbesa. Kuuza kwa akina mama, debe lililobondwa. Kilichobaki juu, changu.

Mwaka ule mvua ilikataa. Si unajua mvua ikikataa huku kwetu, mtama unakauka ukiwa magotini na mabua wanakula mbuzi. Akina mama walikuwa wanatembea toka vijijini na hela wameifunga kwenye pindo la khanga. Mmoja aliniuliza, "Mwanangu, debe hili limejaa?" Nikamjibu, "Limejaa, mama." Nilisema bila kupepesa macho.

Na wakati huo huo nilikuwa namtafuta Mungu! Usicheke. Nilikuwa nahudhuria mikutano, nataka kusikia sauti. Nilikuwa nalala na Biblia chini ya mto niote ndoto. Nilikuwa nafumba macho, nafungua popote, naweka kidole, naona mstari umesema nini juu ya safari yangu ya Dar es Salaam. Sikusikia kitu. Nikasema Mungu ni bubu.

Rafiki mmoja akaniambia, "Acha ramli hiyo. Soma kama unavyosoma barua, toka juu mpaka chini." Nikaanza na Amosi kwa sababu ni kifupi, na kwa sababu niliambiwa Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, kama sisi. Usiku mmoja, kwa kibatari, nikafika sura ya 8, mstari wa 4 hadi wa 6. Pale wanatajwa wafanyabiashara wanaongoja sikukuu ipite haraka wauze nafaka, wanapunguza kipimo, wanazidisha bei, wanachezea mizani, wanamnyonga maskini.

Ndugu yangu, hakukuwa na ngurumo wala taa. Nilisikia baridi tumboni. Debe langu lilikuwa limeandikwa mle ndani, na mtu aliyeliandika alishakufa maelfu ya miaka. Hapo nikajua tofauti. Sauti ya moyo wangu siku zote ilikuwa inakubaliana na mimi. HII ILIKUWA INANIPINGA.

Nilikaa siku nne nabishana nayo. Siku ya tano nikamwambia mzee yote. Alinitazama muda mrefu, kisha akanifukuza kazi. Alikuwa na haki. Sikupata muujiza wa fedha. Nilibeba matofali miezi mingi, nikalipa nilichoweza. Yule mama nilimtafuta siku ya gulio, nikampelekea mtama wake. Nikasema, "Shikamoo mama. Siku ile debe halikujaa." Akaupokea, akasema, "Nilijua, mwanangu. Nyumbani ninacho kipimo changu."

Neno hilo sijalisahau. Alikuwa na kipimo nyumbani! Sokoni nilimdanganya, lakini nyumbani alijua ukweli. Basi na mimi nakuuliza wewe: WEWE UNACHO KIPIMO NYUMBANI? Au unapokea tu kila debe unalojaziwa na kila mwenye mdomo?

NG'OMBE NA SAUTI

Kama uliwahi kuchunga, utanielewa upesi. Makundi mawili yakikutana lamboni yanachanganyika, huwezi kujua ng'ombe wa nani ni yupi. Lakini kijana mmoja akipiga mbinja yake na kuita, wa kwake wanainua vichwa wanamfuata. Wale wengine wanaendelea kunywa maji. Hawajafundishwa siku ile. Wamemsikia tangu wakiwa ndama, asubuhi na jioni, kiangazi na masika.

Yesu alisema hivyo hivyo juu ya kondoo wake katika Yohana 10. Kusikia ni mazoea. Usitegemee kuijua sauti ambayo hujawahi kukaa nayo. Je, anaweza kusema kwa ndoto? Anaweza, nami naamini. Kwa unabii? Anaweza. Lakini mtu asiyezoea sauti iliyoandikwa, ataijuaje ile ya ndoto?

UFANYE NINI BASI?

1. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16. Sura moja kwa siku, wiki mbili na siku mbili umemaliza. Usiruke wala usiweke kidole.

2. Kila sura jiulize maswali mawili: Mungu ni wa namna gani hapa? Na mimi, ni kitu gani hapa ambacho sikipendi kukisikia? Kaa hapo pa pili.

3. Kitii kile kidogo ulichoelewa. Kama ni kurudisha simu ya mtu, irudishe. Kama ni kumwomba radhi mama, nenda. Asiyetii alichosikia jana asitegemee kusikia kipya leo.

4. Usisome peke yako siku zote. Tafuta watu wanaoruhusu maswali. Samweli alikuwa na mzee Eli, na wewe tafuta wako.

5. Sauti ikikutenga na wazazi, ikikukataza hospitali, ikikwambia usiulize, au ikikudai hela kabla ya kukuombea, si ya Mchungaji. Hata kama imenukuu mistari mia.

UAMUZI NI WAKO

Sikukuambia njoo kanisani kwetu. Nimekuambia fungua, usome, upime, hata haya niliyoandika mimi. Ukikuta nimesema uongo, karatasi hii ichane. Lakini ukikuta ni kweli, usifanye kama nilivyofanya mimi, kubishana siku nne. Yeye anayekukosoa katika kurasa zile ndiye aliyekufa msalabani kwa ajili yako. Hakukosoi ili akutupe. Anajua debe lako limebondwa, na bado anakuita kwa jina.

Kama uko tayari, sema hivi, hata hapo ulipokaa:

"Bwana Yesu, nimesikiliza sauti nyingi, na ile niliyoipenda zaidi ni ya kwangu mwenyewe. Nimekosa. Nisamehe. Nitafungua neno lako; wewe nifungue masikio. Ukinipinga, nipe moyo wa kutii. Kuanzia leo uwe mchungaji wangu. Amina."

Umeomba? Basi usiku wa leo, kabla hujalala, Marko sura ya kwanza. Na kama Biblia huna, kaazime kwa jirani. Mungu akubariki.